Breki nzito kwenye gari la Chevrolet Chevelle ya 1970: pampu ya ombwe au busta ya haidroli?
Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa, ishikilie chini, kisha washa. Isiposhuka kidogo, busta (kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki kwa ombwe, yaani mvuto wa hewa kutoka kwenye injini) haina ombwe au imekufa. Kagua kwanza mpira wake na vali. Mpira uliopasuka ni wa bei ndogo sana. Vikiwa vizima, na injini yako ya V8 imefungwa kemshafti kali (mhimili unaofungua vali za injini kwa muda mrefu kuliko kawaida), ombwe ndilo haba.

Pampu ya umeme huongeza ombwe na kuibakiza busta ya zamani. Ni nafuu, ila inanguruma.

Busta ya haidroli huchota nguvu kwenye pampu ya usukani, haijali kemshafti kabisa. Ghali, mipira mingi ya presha, lakini pedali yake ni thabiti. Kwa gari zito hivi, naichagua hii bila kusita.