Lenzi ipi ununue kwanza ukitaka nyuma ya picha ififie

Kabla hujatoa hata shilingi, ijaribu lenzi iliyokuja na kamera yako, ile ya 18-55mm. Ivute hadi 55, weka kamera kwenye A (Canon wameandika Av), hali ambayo wewe ndiye unayechagua namba ya f, yaani upana wa tundu la mwanga, kisha ishushe hadi igome. Kisha msogelee unayempiga, na umtoe ukutani. Hilo la ukuta ndilo wengi tunaloanza nalo vibaya. Juzi mpwa wangu aliegemea ukuta wa uani, kila tofali likasomeka. Nikamleta hatua nane mbele, nikamkaribia mpaka uso na mabega vikajaza picha. Kanga zilizoanikwa nyuma yake zikabaki rangi tu, nyekundu na njano zilizoingiliana. Lenzi ileile, jua lilelile.

Ukishalimudu hilo na bado unataka zaidi, nunua 50mm f/1.8. Kwangu hii ni ya kwanza, tena kwa mbali. Tundu la kupitisha mwanga likiwa pana zaidi, nyuma hufifia zaidi. Gawanya 50 kwa 1.8: tundu hilo lina upana wa karibu milimita 28. Ile 18-55 ikiwa kwenye 55 na f/5.6 haifiki 10. Kwa Canon zinazopokea lenzi za EF tafuta ya STM iliyotoka 2015, shingo yake, pale inapojifunga kwenye kamera, ni ya chuma. Ile ya zamani, II, ni ya plastiki na inanguruma ikifokasi. Mwenye Nikon ya D3000 au D5000 na ndugu zake achukue AF-S 50mm f/1.8G. Ya f/1.8D ni rahisi zaidi, lakini kamera hizo hazina mota ya kuiendesha, utafokasi kwa mkono.

Ya pili ni 55-250mm iliyotumika. Kwenye 250 na f/5.6 tundu lake linafika milimita 45, na uwanjani nyuma inayeyuka vizuri sana. Sebuleni jioni haikufai: mwanga hautoshi, na nafasi ya kurudi nyuma huna.

35mm f/1.8 naiweka ya tatu kwa sababu ukungu wake, yaani kule kufifia kwa nyuma, ni mdogo. Kama kazi yako ni sherehe za vyumbani, ipandishe iwe ya pili, maana kwenye kamera hizi zenye kihisi kidogo (kile kipande kinachopokea picha) 50mm inaona eneo finyu, itakubana ukutani.

Helios 44-2 za Kisovieti naziacha mwisho. Zina ukungu mzuri unaozunguka, ila kila kitu ni kwa mkono, na mtoto anayekimbia hatakusubiri.

Ukinunua iliyotumika, hasa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, uchungulie kwa mbele. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya unyevu wa pwani. Mrudishie muuzaji, hata akikupunguzia nusu ya bei.