Ziara ya mahandaki ya shampeni mjini Épernay: ya chini ya ardhi imetosheleza, ya shambani imepungua

Kampuni ya shampeni niliyoitembelea mjini Épernay, katika eneo la Champagne nchini Ufaransa, inastahili sifa kabla ya lawama. Tulipoteremka kwenye mahandaki yaliyochimbwa katika mwamba laini wa chokaa, ambamo joto hubaki karibu nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, mwongozaji alitueleza bila haraka jinsi mvinyo unavyochachuka mara ya pili ndani ya chupa iliyozibwa, gesi ikanaswa humo na kuwa mapovu, na jinsi chupa zinavyozungushwa kidogo kidogo kwenye vibao vyenye matundu hadi masimbi ya hamira yakusanyike shingoni. Alifafanua pia kwamba sheria inataka shampeni ya kawaida ilale miezi isiyopungua 15 kabla ya kuuzwa, na ile ya mavuno ya mwaka mmoja tu, miaka 3. Maelezo hayo yalikuwa bora kabisa.

Kasoro ilikuwa katika habari za shambani. Mwongozaji alikumbusha kwa fahari kwamba UNESCO iliviingiza vilima, nyumba na mahandaki ya Champagne katika Urithi wa Dunia mwaka 2015, lakini kazi inayoulisha urithi huo ilipewa filamu fupi ya mavuno peke yake. Hatukusikia lolote kuhusu wanaopogoa mizabibu katika baridi kali ya Januari, wala wanaofunga matawi kwenye nyaya kabla ya maua kuchanua. Hata sababu ya kuchuma kwa mkono, ambako ni lazima kwa kanuni za eneo hilo, haikutajwa, ingawa ni jambo la kuvutia sana: zabibu nyingi za huko, Pinot Noir na Meunier, zina ganda jeusi na maji meupe, hivyo zikipondeka kabla ya kukamuliwa huutia mvinyo rangi.

Wachumaji wa msimu hupita 100,000, na wengi hutoka Ulaya Mashariki. Mwaka 2023 baadhi yao walifariki wakati wa mavuno yaliyoandamwa na joto kali. Naamini mgeni aliyelipa kiingilio ana haki ya kuelezwa hayo, kwa heshima, kabla ya kukabidhiwa glasi.

Anayependa ufundi wa mvinyo aende bila kusita. Anayetaka kuijua kazi ya mizabibu aongeze ziara ya jumba la makumbusho lililofunguliwa upya mwaka 2021 katika Château Perrier, kwenye Avenue de Champagne, kisha apande hadi mashamba ya Hautvillers.