Hema Tanga: pa kulala, pa kupita, na maji ya kuyangoja

Kilomita za Tanga hazimtishi mtu. Kutoka mjini hadi Amboni ni 8 hivi, Pangani 50 hivi, Muheza hazifiki 40. Kinachovuruga likizo ya hema huku ni maji ya bahari na mvua. Watu hupanga siku kwa kuangalia ramani, wanafika Pangani kisiwa cha Maziwe kiko chini ya maji, au wanapanda milima ya Amani gari likakwama kwenye udongo mwekundu. Kwa hiyo anza na mwezi wa angani, kisha kalenda ya kazini.

Kisiwa cha Maziwe ndicho kinachodai hesabu kali kuliko vyote. Kiko mbele ya Ushongo, kusini ya mto Pangani, na ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walitaga pale. Miti ilikwisha kuliwa na bahari kabla miaka ya 1980 haijafika mbali, na leo ni fungu la mchanga mweupe tu, lisilo na kivuli wala choo. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakijaa, fungu lote linazama. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani hii maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Maana yake boti liondoke Ushongo au Pangani kama saa 2 asubuhi, na ifikapo saa 7 mchana muwe mmeshaanza kufunga vyombo. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata likipita juma moja mambo yanageuka: maji mafu, kupwa kunaangukia alasiri, na maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Anayetaka mchanga mpana achague bamvua. Anayetaka kukaa bila kukimbizwa achague maji mafu, lakini fungu atakalolikuta ni jembamba zaidi.

Nahodha wa maana atakuuliza tarehe kabla ya kutaja bei. Akikwambia "njoo saa yoyote tu", tafuta mwingine. Hesabu majaketi okozi kabla ya kupanda, moja kwa kila kichwa, ya watoto yawe ya watoto. Beba mwavuli au turubai, maana jua la pale linapiga kutoka juu na kutoka chini kwenye mchanga. Vaa viatu vya mpira, miambani kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba ukivunjikia mguuni safari imekwisha. Kuhusu upepo: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo maji maangavu ya kuangalia matumbawe. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, mawimbi yanapanda na maji yanachafuka. Boti linakwenda, ila utalowa na hutaona mengi.

Pa kulala ni Ushongo. Pwani ni ndefu, mchanga mgumu maji yakipwa, na kuna sehemu za kulaza mahema penye maji ya kuoga. Mayai ya kasa yanayotagwa mahali pa hatari huhamishiwa kwenye viota salama pwani hii. Hukaa siku 50 hadi 60 hivi kabla ya kuanguliwa, kwa hiyo uliza mapema kama kuna kiota kinachokaribia. Ukienda kuangalia, zima tochi na simu. Vifaranga hufuata mwanga wa bahari, wakiona taa yako wanageukia nchi kavu.

Makosa ya hema pwani ni yaleyale kila msimu. La kwanza, kulala chini ya mnazi kwa sababu kuna kivuli. Nazi haina adabu, na makuti makavu nayo yana uzito wake. Tafuta mvinje au mkorosho. La pili, vigingi vya kawaida. Kigingi cha sentimita 18 kwenye mchanga mkavu hung'oka upepo wa kwanza. Chukua viroba vidogo, vijaze mchanga, funga kamba ya hema shingoni mwa kiroba, kifukie nusu mita kwenda chini, kanyagia. Viroba sita vinatosha hema la watu wanne. La tatu, kupiga hema karibu na mikoko. Jioni usubi hutoka, wadogo kuliko tundu za chandarua, na asubuhi kila mtu anajikuna. Sogea walau mita 200 na uwe upande upepo unakotoka. La nne, kupima maji ya bahari kwa macho. Angalia mstari wa mwani mkavu uliobaki juu ya mchanga, hema liwe juu ya mstari huo kwa hatua nyingi, hasa bamvua.

Kuvuka mto kutoka Pangani mjini hadi Bweni ni kwa kivuko. Daraja limo kwenye mradi wa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, na mpaka magari yaruhusiwe kupita juu yake, usifike usiku ukitegemea kuvuka. Ukisubiri zamu, Pangani yenyewe inafaa saa moja ya kutembea: nyumba kuukuu za milango ya nakshi, Boma, na mji ambao Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani Desemba 1889. Mtoni usioge. Mamba wapo.

Njiani kati ya Tanga na Pangani, simama Tongoni, kama kilomita 17 kutoka mjini. Tongo ni mahame, na jina linasema kweli: msikiti uliobomoka na makaburi kama 40, mengine ya nguzo, kutoka enzi mji huu ulipokuwa na neema karne ya 14 na 15. Tazama vishimo kwenye mawe ya makaburi, palipachikwa mabakuli ya kigeni. Vasco da Gama alipita maji haya 1498, na mwaka uliofuata akaichoma moto jahazi lake la São Rafael karibu na hapa kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuliendesha. Dakika 40 zinatosha, na usiende bila mwelekezaji, maana bila maelezo utaona mawe tu. Watoto wataboreka haraka.

Amboni ni ya kupita pia, ingawa wengi huipa siku nzima bila sababu. Mapango ni kumi, wageni huingizwa moja. Ni mawe ya chokaa ya zama za Jura, yamechongwa na maji. Kivutio ni maumbo, vyumba virefu, popo, na mzimu ambako watu bado huacha sadaka, basi usiguse kitu pale. Hadithi kwamba pango linatokea Mombasa au Kilimanjaro ni ya kuchangamsha matembezi. Pango refu lililopimwa halifiki kilomita moja. Vaa viatu vyenye meno, sakafu inateleza kwa unyevu na kinyesi cha popo. Kila watu wawili wawe na tochi yao wenyewe, kwa kuwa tochi ya mwelekezaji haimuliki mgongo wa foleni. Kuna mahali pa kuinama sana na kupita kiubavu, kwa hiyo mwenye kiuno kikubwa au magoti mabovu aulize kabla ya kulipa. Chemchemi za Galanos haziko mbali: maji ya moto yenye harufu ya kiberiti. Nenda kama una nafasi kwenye gari.

Amani ndiyo safari ya pili inayostahili kulala. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa 1997, hekta 8,380 za msitu wa Usambara Mashariki, na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902. Kutoka Muheza ni kilomita 25 hivi hadi lango la Zigi, kisha mlima wa kilomita 9 hivi. Kipande hiki cha mwisho ndicho kinachoamua. Kikikauka, gari dogo lililoinuka hupanda kwa gia ya kwanza. Kikiloa hata nusu saa, ni fowili peke yake, na hata hiyo ikanyage taratibu. Msitu huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo "kiangazi" cha hapa kina mvua zake.

Jaribu hema nyumbani kwanza: lisimamishe, limwagie ndoo mbili, ingia ndani uangalie mishono. Penye tone paka nta ya mshumaa au gundi ya turubai. Chimba kijifereji cha kina cha vidole vinne upande wa juu wa mteremko. Blanketi zito ni lazima, watu wa pwani hudharau baridi ya Amani mpaka saa 9 usiku. Zigi ni joto zaidi, karibu na mto, ila mbu ni wengi. Lala juu kama barabara inaruhusu. Lipia matembezi ya usiku pamoja na mwelekezaji, maana kinyonga waliolala kwenye matawi huonekana kwa tochi kuliko mchana. Chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Kwenye miamba yenye kivuli, angalia ua dogo la zambarau, Saintpaulia, lile ambalo ofisa wa Kijerumani alilipeleka kwao 1892 na sasa limejaa madirishani Ulaya. Usiling'oe.

Saadani inafaa kwa wenye siku tano na zaidi. Ni hifadhi pekee ya taifa Tanzania Bara inayogusana na bahari, na watu hutarajia kuona tembo akioga mawimbini. Hutokea, ila usiilipie safari kwa matumaini hayo. Twiga, nyati, kuro na kongoni utawaona. Anayetaka simba aende Mikumi. Boti kwenye mto Wami, viboko na mamba, ndiyo saa bora ya hifadhi hii. Kibali huhesabiwa kwa saa 24, basi ingia mchana ili upate jioni na asubuhi kwa malipo ya siku moja. Langoni hawapokei fedha taslimu, lipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, na mtandao ukisumbua utangoja, basi uliza namba hiyo mapema. Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o huzipenda. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa humeza gari, kwa hiyo Machi hadi Mei isahau. Chakula kilale ndani ya gari, siyo hemani, kwa sababu kambi hazina uzio na nyani wanajua kufungua zipu.

Mahitaji nunua Tanga mjini. Samaki wa asubuhi pale Deep Sea, changu wa kilo moja hulisha watu watatu. Barafu livingirishwe kwenye gunia, litafika kesho mchana. Sado moja ya mkaa ni milo miwili, na kuokota kuni hifadhini hairuhusiwi. Maji lita 5 kwa mtu kwa siku ukijumlisha kupika, yawe kwenye madumu, na vitu vyako visiwe kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu 2019. Jaza mafuta kabla ya kuvuka Bweni. Ukirudi kupitia Muheza msimu wa machungwa, nunua yale yenye ganda jembamba na madoa. Yale ya kijani yanayong'aa hupendeza kwenye picha tu.