Gitaa la Richard Thompson kwenye Grizzly Man: maoni yangu baada ya wiki 3 za kuisikiliza

Wakuu habari za jioni. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha na Jumapili napiga gitaa kanisani kwetu Kijenge, kwa hiyo hii albamu inanigusa pande zote mbili na nimeona nisikae nayo peke yangu. Ni muziki wa Grizzly Man, ile filamu ya Werner Herzog ya mwaka 2005 kuhusu Timothy Treadwell, Mmarekani aliyekuwa anaenda kuishi na dubu kule hifadhi ya Katmai, Alaska, kiangazi baada ya kiangazi kwa miaka 13, mpaka Oktoba 2003 dubu akamuua yeye na mwenzake Amie Huguenard. Gitaa ni la Richard Thompson, Mwingereza, mkongwe aliyeanza na bendi ya Fairport Convention mwaka 1967.

Mara ya kwanza niliisikia Tarangire. Nilikuwa na mgeni mmoja mpiga video, tumezima gari pale juu ya mto tunasubiri tembo washuke, na mnajua kiangazi kikikolea ule mto sehemu nyingine unabaki mchanga mtupu, tembo wanachimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke. Akanipa hedifoni akasema sikiliza huku unaangalia. Aisee. Kulikuwa na jike mmoja mkubwa anachimba, anavuta maji kidogo, anasimama kimya anasubiri shimo lijae tena, na gitaa nalo linaenda hivyohivyo, noti mbili tatu halafu linaacha, uzi unavuma mpaka unaisha wenyewe ndo inakuja nyingine. Nilisahau kabisa kwamba nina wageni wengine nyuma.

Kwa wapiga gitaa niseme hivi. Thompson piki, kile kidude cha kupigia nyuzi, anaibana kwa dole gumba na kidole cha shahada, halafu vidole vinavyobaki vinanyofoa nyuzi nyembamba, ndo maana mtu mmoja unamsikia kama wawili, chini uzi mnene unanguruma kama mzinga wa nyuki na juu melodi inatembea taratibu. Noti anaivuta kwa kidole, inapanda, inatetemeka, inarudi. Hakuna mbio. Sisi tuliokulia kwenye gitaa la Mbaraka Mwinshehe tumezoea solo inaita, rizimu inajibu, besi inasukuma, hakuna mahali patupu na raha yake ni hiyohiyo, sasa hapa unakutana na mtu anayekuachia sehemu tupu makusudi na mwanzoni unaweza kudhani simu imekata. Mimi siku ya kwanza kuisikiliza nyumbani niliangalia bando mara mbili.

Halafu haya mambo yalirekodiwa siku 2 tu, Desemba 2004, studio moja Berkeley, California. Prodyuza ni Henry Kaiser ambaye naye ni mpiga gitaa, Jim O'Rourke yumo, selo, ile kama fidla kubwa, anapiga Danielle DeGruttola, na sehemu kubwa walikuwa wanaitunga hapohapo, Herzog mwenyewe yupo ndani ya studio. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini inasikika kama watu wanaosikilizana, mmoja akinyamaza mwingine harukii nafasi yake.

Na hapa ndo nataka kuongea na wenzangu mnaotengeneza vivideo vya makampuni ya safari, chonde chonde sikilizeni hii albamu. Simba akitokea tu tunamwaga mangoma na tarumbeta na kwaya juu yake, kumbe simba mwenyewe kalala chini ya mgunga anapunga inzi kwa mkia! Mtu anayeishi porini anajua pori kwa sehemu kubwa ni kusubiri, ni upepo kwenye nyasi na njiwa mmoja anarudiarudia, na huyu mzee wa Uingereza sijui kama amewahi kukanyaga Tarangire lakini ile hali ameipata kwenye nyuzi 6. Melodi kuu ya filamu ina huzuni lakini haikulazimishi ulie, anakuwekea mlima, maji, na mnyama aliye mbali, mengine unayajaza mwenyewe.

Kasoro zipo. Vipande vingine ni vifupi mno, ndo kwanza umekaa vizuri kinakatika, kwenye filamu sawa kwa sababu picha inaendelea ila kwenye albamu inaudhi. Vile vya fujo kama Bear Fight mimi navipita, ukiwa barabarani usiku havifai. Wimbo wa mwisho, Coyotes wa Don Edwards, ndo pekee wenye maneno, ni wa kikauboi, anataja mambo ya zamani yaliyotoweka, na kwenye filamu yule rubani aliyezoea kumpeleka Treadwell anauimba akiwa angani na kuongeza kwamba Treadwell naye hayupo. Ule siupiti.

Msisikilize kwa spika ndogo. Nilikuwa na ya bluetooth nimenunua duka moja mjini, ule mngurumo wa chini wote ukapotea ikabaki tiki tiki tu, nikataka kuidharau albamu bure. Hedifoni, au gari ikiwa imezimwa. Barabara ya vumbi usijaribu.

Nimeipa nyota 4 kati ya 5. Juzi tukiwa tunasubiri gari zipimwe matairi nilimwekea mzee mmoja, dereva wa siku nyingi aliyenifundisha hii kazi, nikamwambia shikamoo mzee hebu vaa hii kidogo. Akavaa, akafumba macho, fundi akaita namba ya gari yake mara ya kwanza, ya pili, hakusikia. Alipovua akauliza, "Huyu kijana anapiga wapi, tumfuate?" Nikamwambia ni mzee mwenzako, yuko mbali. Akanipa simu yake nimuwekee.