Ubao wa kufundishia uamshaji wa seli za kinga: tathmini ya mnunuzi wa Mbeya

Nilinunua ubao huu kwa shilingi 45,000 katika duka la vifaa vya shule huku Mwanjelwa, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha sita, ambao kila tulipofika kwenye mada ya kinga ya mwili walikariri majina ya seli bila kuelewa ni nini hasa kinachoziamsha. Ndani ya boksi mna ubao wa sentimita 20 kwa 14 wenye matundu, kamba moja ndefu, klipu na shanga nyekundu za kupachika. Sentimita 1 inasimama badala ya nanomita 5 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Kamba ndiyo iliyonifanya nisijutie fedha yangu. Ina unene wa milimita 4, sawa na nanomita 2 za uzi pacha wa DNA, na mwanafunzi huilaza ubaoni akiibana kwa klipu hadi ijaze mstatili, kwa mfano wa kazi ya mwanasayansi Paul Rothemund, ambaye mwaka 2006 alikunja DNA ya kirusi M13, yenye besi zipatazo 7,000, kwa kutumia nyuzi fupi zaidi ya 200. Shanga ni antijeni, yaani vipande vya kijidudu ambavyo seli za kinga huvitambua. Mwanafunzi mmoja alipachika mbili zikigusana, akazitenganisha kidogo kidogo hadi sentimita 5 na nusu, kisha akauliza: "Mwalimu, kama antijeni ni ileile, umbali una kazi gani?" Katika miaka yote ya chaki sikuwahi kuulizwa swali hilo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba antijeni 5 tu za virusi vya Ukimwi, zikipangwa juu ya umbo la DNA kwa nafasi ya nanomita 25 hadi 30, huamsha kwa nguvu seli B, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili.

Kasoro iko kwenye karatasi ya maelezo, inayodai kwamba nafasi hiyo huamsha "seli zote za kinga". Dai hilo nililikata kwa kalamu, kwa kuwa matokeo yale ni ya seli B na antijeni ile, ilhali seli T, aina nyingine ya seli za kinga, husoma vipande vya protini vinavyoshikiliwa na seli nyingine. Klipu nazo ni dhaifu. Mbili zilivunjika siku ya kwanza.

Seli yenyewe haimo boksini, na si ajabu: kwa kipimo hiki, seli B ya mikromita 7 (nanomita 7,000) ingehitaji mita 14. Tuliichora kwa chokaa uwanjani, katika baridi ya Julai, tukauweka ubao ukingoni mwa duara, na wa nyuma wakalazimika kusogea ili wauone.