Rili nyepesi ya kuvulia kwa nzi wa bandia baharini: gramu zilipunguzwa wapi?

Mvuvi anayetafuta rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya kuvulia kwa nzi wa bandia, yaani chambo chepesi cha manyoya na nyuzi, katika maji ya chumvi hukutana kwanza na namba moja inayotangulizwa mbele ya nyingine zote, nayo ni uzito. Kwa ufito wa namba 8 (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoufaa), unaotumiwa sana kuwavua bonfishi na kolekole wadogo penye maji ya kina kifupi, rili nyingi huwa na takribani gramu 150 hadi 280 kabla ya kuvishwa mshipi. Nimezitumia nyepesi na nzito, na siku hizi siulizi tena rili ina gramu ngapi. Nauliza zile zilizopunguzwa zimetolewa sehemu gani.

Hamu ya wepesi ina sababu yake. Ufito wa kisasa wa namba hiyo una gramu 100 hivi, kwa hiyo rili ndiyo mzigo mkubwa anaoushika mvuvi tangu maji yanapoanza kujaa hadi yanapokupwa. Hata hivyo, rili hukaa chini kabisa ya kiganja, ilhali ufito wenye urefu wa mita 2.7 huelekea mbele, na mkono huchoshwa zaidi na kile kilicho mbali nao. Rili ikipunguzwa mno, ncha ya ufito huinama na kifundo cha mkono hulazimika kuiinua kila mara. Ndiyo maana napendekeza rili ipimwe ikiwa imevishwa mshipi pamoja na uzi wa akiba, ule unaokaa chini ya mshipi kwa ajili ya samaki anayekimbia mbali, ambavyo kwa pamoja huongeza makumi ya gramu, kisha ufito ulazwe juu ya kidole kimoja mahali ambapo kidole cha shahada hukaa wakati wa kutupa. Ukitulia bila kuinama mbele wala nyuma, uzito huo unafaa, hata kama mizani ingesema kuna rili nyepesi kuliko hiyo.

Mtengenezaji anayetaka kupunguza gramu huanza na fremu, na hapo sina ugomvi naye iwapo fremu imechongwa kwa mashine kutoka katika kipande kimoja cha aloi ya aluminiamu. Matundu yaliyotobolewa vizuri hayaidhoofishi sana, tena huusaidia uzi wa akiba kukauka. Fremu ya kusubu ni suala jingine, kwa kuwa aluminiamu iliyomiminwa katika kalibu aghalabu huvunjika upesi zaidi inapogongwa, na ili iwe imara hulazimu iwe nene, hivyo wepesi unaotafutwa hupotea. Sehemu ambayo haifai kuguswa ni ukingo wa bobini, kile kigurudumu kinachozungushiwa mshipi. Niliwahi kuwa na rili ya gramu 140 na kitu, nzuri ajabu kwa macho, ambayo ukingo wake ulikuwa mwembamba kama wa kifuniko cha sufuria. Ilianguka mara moja tu kutoka kimo cha goti juu ya sakafu ya mashua, na tangu saa hiyo ikawa inakwaruza fremu katika kila mzunguko. Samaki aliponasa mchana huo, mlio niliousikia haukuwa wa breki, ile inayoizuia bobini samaki anapovuta, na kiganja changu kilichojaribu kuuzuia ukingo kilirudi kikiwa na alama.

Breki ndiyo moyo wa rili ya baharini, na ndipo gramu zikipunguzwa bila busara hasara huwa kubwa zaidi. Ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya zamani, yenye diski pana ya kizibo, lile gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, ambayo hubanwa dhidi ya bobini. Rili iitwayo Tibor Everglades ni mfano wake unaojulikana sana. Huanza kuteleza taratibu, hustahimili joto, na mwenyewe anaweza kuifungua na kuisafisha akiwa safarini, ila hudai kupakwa grisi mara kwa mara. Ya pili ni iliyozibwa kwa sili za mpira ili maji na mchanga visiingie, kama zilivyo za kampuni ya Hatch zenye diski nyingi zilizopangwa pamoja, au za kampuni ya Lamson zenye umbo la koni. Hiyo haidai grisi, na kwa kawaida huwa ndogo na nyepesi, lakini sili ikichakaa mvuvi hana la kufanya ufukweni. Kwa anayetaka wepesi bila kujisumbua, nachagua ya kuzibwa. Kwa anayekwenda mbali na fundi kwa majuma kadhaa, ningemshauri auvumilie uzito wa kizibo.

Nguvu ya juu kabisa ya breki, ambayo matangazo huishangilia, haina maana kubwa. Uzi wa mwisho, ule unaofungwa nzi, unaostahimili kilo 7 hauhitaji breki ya zaidi ya kilo 2 hivi, yaani robo au theluthi ya uwezo wake. Kinachokata uzi ni mshtuko wa mwanzo, pale breki inapong'ang'ania kabla ya kuachia. Ujaribuni dukani: vuteni mshipi taratibu kwa vidole viwili, na kama unatoka kwa kurukaruka, irudisheni rili rafuni bila kuangalia rangi yake.

Jambo linalohusiana na hilo, na ambalo wauzaji hulitaja nusu tu, ni upana wa kitovu cha bobini, yaani sehemu yake ya kati inayozungushiwa uzi. Husemwa kwamba kitovu kipana hukunja mshipi haraka, na ni kweli: mzunguko mmoja wenye kipenyo cha sentimita 10 huvuta sentimita 31, ilhali wa sentimita 6 huvuta 19 tu, kwa hiyo mita 100 zitadai mizunguko takribani 320 au 530. Lakini kuna upande wa pili. Samaki anapokimbia na mshipi, kipenyo cha kilichobaki hupungua, na breki iliyowekwa bila kubadilishwa humvuta kwa nguvu inayozidi kwa kadiri hiyohiyo. Breki ya kilo 1.5 penye sentimita 10 huwa kilo 2.5 penye sentimita 6, wala mvuvi hakugusa kitu. Kitovu kipana hupunguza hatari hiyo, na kwa bahati njema huacha nafasi tupu isiyo na uzito. Gharama yake ni nafasi ya uzi wa akiba, na hapo uzi mwembamba wa polithini iliyofumwa huokoa mita nyingi kuliko dakroni, uzi wa poliesta, ingawa huchana vidole.

Kuhusu madini nitasema machache. Magnesi ni nyepesi kuliko aluminiamu, lakini huliwa na maji ya chumvi upesi sana, na sijaona sababu ya kuipeleka baharini. Aluminiamu yenyewe huhitaji tabaka gumu la anodaizi, yaani oksidi inayooteshwa juu yake kwa umeme, na mahali pa kukagua ni pale skrubu za chuma kisichoshika kutu zinapoingia, kwani metali mbili tofauti zikilowa chumvi pamoja, aluminiamu ndiyo huanza kuota unga mweupe.

Baada ya hayo yote nimebaki na rili ya gramu 210, yenye fremu iliyochongwa, ukingo mnene, kitovu kipana na breki iliyozibwa. Jioni huikaza breki, huiosha kwa maji baridi yanayotiririka polepole, kamwe si kwa bomba la shinikizo, kisha huilegeza kabisa na kutoa bobini ili uzi ukauke hadi ndani. Rafiki ninayevua naye ana ya gramu 160, na mara mbili msimu huu ameomba kushika yangu samaki alipokuwa mkubwa.