Uzoefu wangu na simu ya Android ya bei nafuu: ulizia hifadhi kabla ya kamera

Nilihama kutoka simu ya daraja la juu nikaingia kwenye Android ya bei ya chini, na ndiyo simu yangu pekee. Kazi, benki, ramani, picha, mazungumzo ya familia, yote yamo humo. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu ninayoyaeleza utayakuta karibu kwenye kila simu ya daraja hili, nembo ya mgongoni iwe ya nani. Sifa zake ni hizi: RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa) GB 4, hifadhi ya ndani GB 64 ya aina ya eMMC, kioo cha inchi 6.6 chenye pikseli 720 kwa 1600, betri ya mAh 5000, kamera ya megapikseli 50, na prosesa ya viini vinane, viwili vikubwa vya Cortex-A75 na sita vidogo vya Cortex-A55. Mpangilio huo wa viini ndio uliomo ndani ya Helio G85 ya MediaTek na T606 ya Unisoc, chipu ambazo zimeendesha simu nyingi sana za bei nafuu.

Watu wakitaka kununua simu huuliza RAM, kisha megapikseli, kisha wanaishia hapo. Baada ya kuishi na hii simu, mimi ningeanza na swali jingine kabisa: hifadhi yake ni ya aina gani, na ni kubwa kiasi gani? Karibu kila kero niliyokutana nayo ukiifuatilia hadi mwisho inakupeleka hapo.

Ikiwa mpya, simu ilikuwa nyepesi. Programu zilifunguka vizuri, kamera iliwaka bila kusuasua, nikajiambia tofauti na ile ya zamani ni ndogo kuliko nilivyoogopa. Uzito ulianza kuingia taratibu kadiri hifadhi ilivyojaa. Ukigusa kitu, kioo kinatulia kwanza, halafu kila ulichogusa kinatokea kwa mkupuo. Wengi husema prosesa ni dhaifu. Prosesa ina mipaka yake, kweli, lakini kwa kuandika ujumbe, kusoma habari na kutazama video inatosha. Kinachokwama ni eMMC. Hifadhi ya aina hii ni kama daraja jembamba la kupita gari moja: wakati inasoma haiandiki, na wakati inaandika haisomi. UFS, ambayo ndiyo hifadhi ya simu za Android za juu na sasa hata za kati, inasoma na kuandika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo video za kwenye kundi la WhatsApp zikiwa zinashuka, Play Store nayo ikiwa inasasisha programu kimyakimya, wewe ukafungua kamera, wote mnasubiriana pale pale.

Na hali huwa mbaya zaidi nafasi ikibanwa. Kumbukumbu za aina hii haziandiki juu ya data ya zamani moja kwa moja. Lazima zifute kwanza sehemu nzima ndipo ziandike upya. Nafasi tupu ikiwa nyingi, kazi hiyo hufanyika chinichini bila wewe kuhisi. Ikiisha, simu inalazimika kuhamisha data huku na huko kabla ya kuhifadhi hata picha moja. Ndiyo maana naichunga hifadhi yangu kwa bidii na siruhusu nafasi ya wazi ishuke chini ya GB 12 hivi. GB 64 si nyingi jinsi zinavyosikika, maana mfumo wenyewe na programu zilizokuja nazo huchukua sehemu kubwa kabla hujaweka chochote cha kwako. Kama unanunua leo na unaweza kufika GB 128, fika. Ningekubali kamera duni kidogo ili niipate hiyo nafasi.

Hapa pana jambo linalonikera kweli, nalo ni hiki kinachoitwa RAM ya ziada. Kwenye boksi unasoma GB 8, kumbe ni GB 4 halisi na nyingine 4 zilizokopwa kutoka kwenye hifadhi. RAM halisi ina kasi ambayo eMMC haiikaribii hata kidogo, kwa hiyo unachopata ni kuongeza msongamano mahali penye msongamano tayari, na kuila nafasi uliyokuwa unaihitaji. Android yenyewe ina njia yake ya kubana vitu ndani ya RAM ili viingie vingi, na inafanya kazi bila kuikopa hifadhi. Mimi niliizima hiyo nyongeza kwenye mipangilio, nikawasha simu upya, na mkwamo wa kubadilisha programu ukapungua waziwazi. Kuandika namba kubwa kwenye boksi huku ukijua mnunuzi ataisoma kama RAM ya kweli si uungwana.

Hatua iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa WhatsApp. Nilizima upakuaji wa picha, sauti na video unaojiendesha wenyewe, iwe kwa data au kwa Wi-Fi. Sasa napakua kile ninachotaka kukiona. Kisha kila mara naingia kwenye sehemu yake ya kudhibiti hifadhi, ambayo hupanga mazungumzo kulingana na yaliyokula nafasi nyingi na kukuonyesha faili zilizosambazwa mara nyingi. Salamu za asubuhi zenye video na maua zikikusanyika zinakuwa mzigo wa ajabu. Kuna pia programu ya Files ya Google, inayotafuta picha zilizojirudia na faili kubwa ulizozisahau. Muziki na video nimezihamishia kwenye memori kadi, na huko zinakaa vizuri. Programu zenyewe naziacha ndani, kwa kuwa kadi nyingi zina kasi ndogo hata kuliko eMMC. Jambo la kukumbuka tu ni kwamba nakala za WhatsApp zinazohifadhiwa kwenye Google Drive sasa zinahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti yako ya Google, kwa hiyo ukiacha takataka kwenye simu unazibeba hadi huko.

Facebook nimeiweka ile ya Lite. Huduma ninazozitumia kwa nadra nazifungua kwenye kivinjari, sizisakinishi. Na kuna ujanja mmoja mdogo unaobadilisha sana hisia ya kasi: nenda kwenye taarifa za simu, gusa mara 7 namba ya muundo (Build number), itafunguka menyu ya wasanidi programu. Humo tafuta vipimo vitatu vya uhuishaji, kila kimoja kishushe kutoka 1 hadi 0.5. Simu haiongezeki nguvu, ila madirisha yanafunguka bila madoido marefu, na kidole kinaona tofauti mara moja. Mengine yaliyomo kwenye menyu hiyo yaache yalivyo.

Betri ndiyo furaha yangu. Kioo chenye pikseli chache kinadai nguvu kidogo, na mAh 5000 ni akiba kubwa. Siku ya kazi nzima inaisha bado nina chaji ya kunifikisha kesho yake mchana, jambo ambalo simu yangu ya zamani, pamoja na ughali wake, haikuwahi kunipa. Gharama yake ni muda wa kuchaji. Chaja iliyokuja nayo ni ya wati 10. Betri hii inabeba takriban wati-saa 19, kwa hiyo hata kwa hesabu tupu inahitaji karibu saa 2 kujaa, na kwa kuwa kasi hupungua ikikaribia kujaa, inakaribia 3. Ukizoea kuichomeka jioni ukiwa nyumbani haisumbui. Ukiwa mtu wa kukurupuka dakika za mwisho kabla ya kutoka, itakuudhi.

Lakini sehemu ya uhai huo wa betri inapatikana kwa njia isiyonipendeza. Mfumo unaua programu zilizo nyuma ya pazia kwa ukali mno. Ujumbe wa kazini ulikuwa hauingii mpaka nifungue programu yenyewe, ndipo zote zinamiminika pamoja, nyingine za saa kadhaa nyuma. Kengele ya programu moja ya ukumbusho haikulia kabisa. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya betri, programu moja baada ya nyingine, na kuzipa zile muhimu ruhusa ya kutumia betri bila vizuizi. Nimefanya hivyo kwa ujumbe, barua pepe, kengele na kalenda, na tangu hapo arifa zinafika kwa wakati. Betri haikupungua kiasi cha kulalamikia. Mtu asiyejua mambo ya simu atadhani mtandao ni mbovu, na hilo linanisikitisha, maana wengi wanaonunua simu hizi ndio hao hao wasio na wa kuwaelekeza.

Kuna vitu vilivyopunguzwa ambavyo karatasi ya sifa haisemi. Simu hii haina kitambuzi halisi cha ukaribu, kile kinachozima kioo ukiiweka sikioni. Inakisia kwa kutumia mguso wa kioo na mwendo wa mkono. Mara nyingine inakosea, shavu linabonyeza kitufe cha kunyamazisha na aliye upande wa pili anaanza kuita "haloo, haloo". Haina pia dira. Kwenye ramani, ukiwa umesimama, haijui umeelekea wapi. Inabidi utembee hatua kadhaa ndipo mshale ujipange. Kwa anayeendesha gari si kitu. Kwa mtembea kwa miguu kwenye njia panda ni usumbufu wa kila mara. Kabla ya kununua, tafuta orodha ya vitambuzi vya modeli unayoitaka, na uangalie kama dira, jairoskopu (kinachopima mzunguko wa simu) na NFC (ya kulipa kwa kugusisha simu) vimo.

Kamera nitaipitia haraka. Megapikseli 50 zinaunganishwa nne nne kuwa moja, hivyo picha unayoipata kwa kawaida ina 12.5. Hiyo ni njia sahihi, hakuna udanganyifu hapo. Mchana, kwenye mwanga mzuri, picha zinapendeza na nyaraka zinasomeka herufi kwa herufi. Usiku zinakuwa na chembechembe, na mtoto anayekimbia hutoka ukungu. Lenzi ya pili ya megapikseli 2 sijaona faida yake. Video inatikisika kwa kuwa hakuna kitu cha kuituliza, kwa hiyo naegemea ukuta au nashika simu kwa mikono miwili.

Kioo kinanitosha. Maandishi yanasomeka, ila juani lazima nitafute kivuli. Kama unatazama filamu kwenye huduma kama Netflix, angalia kiwango cha Widevine cha simu, yaani mfumo wa Google wa kulinda filamu zisinakiliwe, kabla ya kununua: L1 inaruhusu HD, lakini L3 itakubakisha kwenye ubora wa chini hata kama intaneti yako ina kasi.

Halafu kuna vitu ambavyo simu za juu zimevitupa na hii bado inavyo, nami nimevifurahia kuliko nilivyotarajia. Tundu la eafoni lipo. Nafasi ya laini mbili pamoja na memori kadi, zote kwa mpigo, ipo. Redio ya FM ipo, inatumia waya wa eafoni kama antena na haigusi data hata kidogo. Nimerudia kusikiliza redio kwa sababu ya simu hii.

Matangazo yaliyopachikwa na mtengenezaji yalinichosha: arifa kutoka programu ambazo sikuziomba, picha za kubofya kwenye kioo kilichofungwa. Niliziondoa zilizokubali kuondoka na kuzizima zilizogoma. Ni kazi ya mara moja, ila kila sasisho kubwa likija napitia tena, maana baadhi hurudi.

Linalobaki ni usalama, na ndilo ninalolitazama kwa wasiwasi zaidi. Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama ya Android ya kila mwezi mwaka 2015, baada ya tundu la kiusalama lililoitwa Stagefright kugunduliwa. Simu yangu huyapata baada ya miezi kadhaa, yakiwa yamekusanywa pamoja. Zipo tarehe mbili za kukagua: ya usalama wa Android, inayotoka kwa mtengenezaji, na ya sasisho la mfumo wa Google Play, ambayo huja kwa njia yake. Ya pili yangu huwa ni ya karibuni, ya kwanza huwa nyuma. Pixel 8 ya 2023 ilikuja na ahadi ya miaka 7 ya masasisho, lakini hiyo ni simu ghali. Kilichonipa moyo ni Galaxy A16 ya 2024, simu ya daraja la chini la Samsung iliyoahidiwa miaka 6, kwa hiyo jambo hili linawezekana bila kumwumiza mnunuzi. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji waendelee kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa.

Yangu haina ahadi ndefu namna hiyo. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya marekebisho yake nimeiandika kwenye kalenda, na ikifika, programu ya benki itakuwa ya kwanza kutoka. Simu yenyewe nitaendelea nayo kwa redio, ramani na muziki mpaka betri ichoke.